Anti, eksozi ya jirani inatuamsha kila alfajiri, na mtu mwenyewe alinisaidia, nimwambieje?

Anti shikamoo. Nasoma majibu yako siku zote ila sijawahi kuandika, leo nimeona niandike maana nikiendelea kukaa nalo moyoni litakuja kutoka vibaya.

Tunakaa nyumba ya kupanga, vyumba vimetazamana pande mbili, katikati kuna korido ya wazi ndo kila mtu anapita hapo na pikipiki inalala hapo hapo. Dirisha letu la chumbani linaangalia hiyo korido. Kuna kaka mmoja jirani yetu anaendesha pikipiki, kijana mpole tu, anasalimia, hana shida na mtu. Zamani pikipiki yake ilikua ya kawaida, ukiisikia unajua tu fulani anatoka, basi. Hapa katikati akaenda kubadilisha eksozi, akaweka ile fupi ya wazi yenye mdomo mpana, na tangu hapo sisi hatuna alfajiri.

Anatoka giza bado halijaisha. Anaiwasha hapo hapo koridoni, alafu anaiacha inanguruma wakati yeye anarudi ndani kuvaa koti na kutafuta helmeti, akitoka anapiga resi mbili tatu ndo anaondoka. Kioo cha dirisha kinatetemeka, vikombe kabatini vinagongana. Mtoto wangu ana miezi mitatu, ikishtua tu mikono yake yote miwili inaruka juu, vidole vimetanuka, macho bado kafumba, alafu ndo kilio kinaanza, na kumrudisha kulala hapo ni mpaka kunakucha. Usiku akirudi ni hivo hivo, tena usiku ndo mbaya zaidi maana kila kitu kimetulia.

Kuna mpangaji mmoja, simjui ni nani, aliandika karatasi akaipitisha chini ya mlango wake, haina jina, maneno makali, eti "unadhani unakaa na watu au unakaa porini". Kesho yake yule kaka alisimama koridoni anauliza nani kaandika, watu wote kimya, na siku hiyo alipiga resi mpaka moshi ukaingia ndani. Maneno aliyosema nimeyashika: "Hii sauti ndo inaniokoa barabarani, wenye magari hawatuoni ila wanatusikia, kwaiyo mnataka nife ndo mlale?" Akaondoka.

Mume wangu anasema hakuna cha kuongea, tupige simu polisi waje wamkute nayo. Mi nasita, na sababu ni hii anti: usiku ule uchungu uliponianza gari lilikua hamna, ni huyo huyo kaka ndo alitoka na pikipiki yake usiku wa manane kwenda kututafutia usafiri, na akarudi nao. Huyu mtoto anayeamshwa kila siku yeye ana mchango wake hapo. Sasa naanzaje kumwambia pikipiki yako inanikera? Na wale wa upande wa pili wananiambia nitazoea, wao hata hawaisikii kihivo. Nikifikiria sana naanza kuona labda ni mimi nimekua na roho nyepesi kwa sababu ya uzazi.

Nisaidie. Na hilo la kwamba sauti inaokoa maisha ni kweli au ni maneno tu?

Jirani mwenye mtoto mchanga

*

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana ya mtoto, Mungu akukuzie.

Nianze na hilo la roho nyepesi maana naona ndo limekukaa kooni. Huna roho nyepesi. Jicho unalifunga, sikio halifungwi, mtu akilala sikio liko kazini vilevile, na hata asipoamka kabisa mwili unajibu, moyo unaenda mbio kidogo, usingizi unatoka ule mzito unakua wa juujuu, asubuhi mtu anaamka kachoka na hajui kwanini. Hao wanaokwambia utazoea wana ukweli nusu tu, unaweza ukazoea kwa maana ya kwamba hushtuki tena kukaa kitako kitandani, ila moyo wenyewe hauzoei kihivo. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa mwaka 1999 lilisema ili watu walale vizuri sauti ndani ya chumba kwa wastani isizidi desibeli 30, desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti, na mlio mmoja mmoja wa ghafla usipite 45. Sasa angalia pikipiki: Marekani zile za barabarani kuanzia modeli za 1986 zinatakiwa zisipite desibeli 80, na hapo kipimo kinawekwa mbali, kama mita 15 hivi, eksozi ikiwa ile ya kiwandani haijaguswa. Yenu iko chini ya dirisha na imeachwa wazi. Na desibeli zikipanda 10 tu, sikio linasikia kama sauti imekua mara mbili. Hesabu hizi usiende nazo kwake, hatakusikiliza, ni za kwako wewe uache kujilaumu.

Alafu kuna sababu inafika mpaka kwenye vikombe. Pikipiki nyingi ndogo ni za silinda moja na stroki nne, maana yake injini inapasua mafuta mara moja kila ikizunguka mara mbili, kwaiyo ikiwa inanguruma taratibu tu kwa mizunguko 1200 kwa dakika ni mapigo 10 kila sekunde, na kila pigo ni hewa ya moto inayotoka kwa kishindo. Kazi ya eksozi ya kawaida ni kukipokea hicho kishindo, ndani yake kuna vyumba vyumba na mabomba yenye matundu, sauti inagonga huku inarudi kule inajimaliza yenyewe, nyingine zina pamba ya kioo ya kuinywa. Ukiweka bomba wazi kishindo kinatoka chote kama kilivyo. Na sauti nzito namna hiyo ndo haizuiliki na pazia wala kioo, tena kwenye korido yenye kuta pande zote mbili inarudishwa huku na huku. Wale wa upande wa pili kama madirisha yao yanaangalia nje, wanasema kweli kabisa kwamba hawaisikii kihivo, usiwaone waongo.

Sasa la kuokoa maisha, na hapa nataka tumheshimu huyo kaka kwanza, maana anachoogopa kipo. Waendesha pikipiki wanagongwa, na mara nyingi dereva wa gari anasema sikumwona, hilo mtu hawezi kumbishia. Shida ni dawa aliyochagua. Kuna uchunguzi mkubwa ulitoka mwaka 1981 Marekani, profesa Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California na wenzake walifika wenyewe kwenye ajali kama 900 za pikipiki wakaangalia kila kitu, na walichokuta ni kwamba zaidi ya robo tatu ya hatari ilikua iko mbele ya mwendeshaji, gari linalokatiza, linaloingia barabarani, linalokunja kona mbele yake. Eksozi inaangalia nyuma. Sauti kubwa inakwenda kwa yule ambaye ameshapitwa, na yule wa mbele anayetaka kukunja kafunga vioo na redio inaimba, mpaka aisikie vizuri pikipiki imeshamfikia. Uchunguzi ule ule ulionyesha kilichosaidia ni kuonekana, taa ya mbele iwake hata mchana, na koti la rangi kali, njano, machungwa, nyekundu. Kwaiyo hofu yake ni ya kweli, ila bomba alilonunua linaamsha watoto walioko nyuma na yule wa mbele hajui chochote. Na masikio yake mwenyewe yako juu ya hiyo sauti siku nzima. Wataalamu wa afya kazini Marekani wanaweka mpaka desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda salama unakatwa nusu, ukiongeza na upepo wa kwenye helmeti huyo kijana anajimaliza taratibu.

Lakini mdogo wangu, usiende kumwambia yote hayo. Ukienda na Harry Hurt mkononi utakua umeenda kubishana, na kwenye ubishi wa pikipiki mwenye pikipiki hashindwi. Nenda na kitu kimoja tu ambacho hawezi kukibishia, yaani chumba chako.

Fikiria hili. Huyo kaka hajawahi kuisikia pikipiki yake kutokea kitandani kwako. Yeye akiwasha yuko juu yake au yuko ndani anatafuta helmeti, akiondoka sauti inabaki nyuma yeye anaenda mbele. Kwaiyo mtafute siku ametulia, mchana, kwa mfano anapoosha pikipiki, asiwe na wenzake maana mbele ya wenzake hatakubali kitu. Usiende na mume wako mkiwa mmeongozana, itaonekana mmekuja kumvamia, we nenda na mtoto mkononi, mume awepo ndani. Msalimie kama kawaida, alafu sema kitu kama hiki, kwa maneno yako: "Kaka, nina jambo nataka uone mwenyewe kuliko nikueleze. Naomba uingie hapa kwetu usimame karibu na dirisha, baba wa mtoto akuwashie pikipiki yako hapo inapolalaga." Basi. Aingie, afungiwe dirisha, iwashwe, ipigwe resi moja tu kama anavopiga yeye. Mtoto wakati huo mpe mtu amtoe nje, usimtumie mtoto kama ushahidi. Vikombe vitasema. Ikizimwa we nyamaza kidogo, muache yeye aongee kwanza, na nakuomba sana usimkatishe hata kama anaanza kwa kujitetea.

Akishasema, ndo unaomba. Na hapa ndo watu wengi wanaharibu, wanaomba "punguza kelele", sasa mtu apunguze kelele kivipi, hilo ni sawa na kumwambia awe mtu mwingine. Omba kitu ambacho mkono wake unaweza kukifanya kesho asubuhi. La kwanza avae kabisa ndani, helmeti kichwani, koti limefungwa, alafu aisukume pikipiki ikiwa imezimwa gia iko nyutro mpaka barabarani, aiwashe huko na aondoke. Atakwambia injini lazima ipate moto. Mwambie aulize fundi anayemwamini, pikipiki yenye kabureta inataka choki muda mfupi ikiwa baridi, zile za kisasa za kupuliza mafuta kwa kompyuta hazihitaji hata hilo, na zote zinapata moto vizuri zaidi zikiendeshwa taratibu mwanzoni kuliko kusimama zinanguruma, na resi kwenye injini baridi ambayo oili haijazunguka vizuri zinaiumiza injini yenyewe. Akirudi usiku ni hivo hivo kinyume, anazima akiwa barabarani anaingia anasukuma. Hilo peke yake litakurudishia sehemu kubwa ya usingizi na halimgharimu kitu. La pili ndo eksozi, na nitalirudia chini.

Sasa ule usiku wa uchungu. Naona umeugeuza kua deni, kwamba kwa kuwa alikusaidia basi huna mdomo tena. Wema wake mkubwa na usiusahau, mtajie, mwambie wazi mbele ya mume wako kwamba mnakumbuka alichofanya. Lakini mtu aliyetoka usiku wa manane kwa ajili yako ni mtu anayejali, na mtu anayejali ukimwonyesha anapoumiza mara nyingi anarekebisha, kwaiyo mi naona ule usiku ndo unakupa sababu ya kuongea naye kabla ya mtu mwingine yeyote. Ukikaa kimya kwa heshima alafu siku moja polisi wakaja kwa simu ya kwako, hapo ndo utakua umemlipa vibaya. Na kitu kimoja, usivichanganye kwenye sentensi moja, usiseme "ulinisaidia ila", yaani asante yake iwe asante kamili iishe, alafu jambo la pikipiki lianze upya.

Ile karatasi isiyo na jina imefanya kazi yangu kua ngumu hapa. Aliyeandika sijui alitegemea nini. Karatasi ya namna hiyo inamfanya mtu amshuku kila anayemsalimia, hana wa kumjibu, kwaiyo anajibu kwa resi na wote mnalipia. Kama akikuuliza ni wewe, mwambie hapana, mimi nikiwa na neno nakuja nalo mwenyewe kama hivi nilivokuja.

Kuhusu mume wako, ana haki ya kukasirika, kachoka kama wewe na anakuona unavokesha. Ila polisi ni hatua ya mwisho, na ukiitumia mwanzo huna kingine kilichobaki na bado mtakua mnapishana korido moja kila siku. Mkubaliane hivi: kwanza mazungumzo, mpe muda. Ikishindikana nendeni kwa mwenye nyumba, hapo mkiwa na wapangaji wengine wenye madirisha upande wenu, na muwe mmeandika tarehe na saa mnazoamshwa, na video fupi mliyorekodi mkiwa ndani ya chumba. Zile programu za simu za kupima desibeli haziaminiki kama ushahidi ila zinaonyesha tofauti kati ya kimya na ikiwaka. Baada ya hapo uongozi wa mtaa, alafu ndo polisi wa barabarani. Na huko mkifika mtasikilizwa, maana takwa la kwamba chombo cha moto kiwe na kizuia sauti kinachofanya kazi lipo hata kwenye Mkataba wa Vienna wa 1968 wa usafiri wa barabarani. Watu wamechoka na hili jambo kila mahali. Kule Austria, jimbo la Tyrol, tangu 2020 kuna barabara za milimani ambazo msimu wa kiangazi pikipiki ambayo kwenye kadi yake imeandikwa zaidi ya desibeli 95 ikiwa imesimama hairuhusiwi kupita, na Paris mwaka 2022 walianza majaribio ya rada ya kelele, inakamata sauti kama zile nyingine zinavokamata mwendo. Kwaiyo mume wako ajue njia ya sheria ipo na haikimbii, haina haja ya kuiwahi.

Na nyie mnaoendesha mnaosoma hapa, nawaomba kwa moyo wote. Najua wengi wenu pikipiki ndo kazi, ndo ada ya shule ya watoto, hakuna anayewakataza kutoka alfajiri. Mnajua wenyewe pikipiki ikizimwa inasukumika na mtu mmoja. Nyuma ya dirisha mnalopita kuna muuguzi katoka zamu ya usiku ndo anajaribu kulala, kuna mzee mwenye presha, kuna mama kama huyu. Mkipita wote kwa resi hakuna anayewafata kuwaambia, wanawachukia kimya kimya na nyie hamjui kwanini mtaa mzima umewanunia.

Turudi kwenye eksozi, nililoahidi. Anaweza akakubali kusukuma na akagoma kubadilisha bomba, labda amelitolea hela nyingi. Usivunjike moyo, lipokee la kusukuma, mshukuru, na la bomba mpe muda. Muulize kwanza kama lina kile kizibo cha ndani cha kupunguza sauti, mabomba mengi ya kununua yanakuja nacho, kinaingia mdomoni kwa nyuma kinashikwa na skrubu moja ndogo, watu wanakitoa siku ya kwanza wanakitupa kwenye boksi la spana, kama kipo akirudishe. Kama hakina, muulize ile eksozi ya zamani iko wapi. Wengi hawazitupi, iko uvunguni au kwa fundi. Kwa pikipiki nyingi za silinda moja kuirudisha ni nati mbili pale inaposhika kwenye injini na boliti ya nyuma, na aweke gasketi mpya maana ile ya zamani ikivuja itapiga kelele nyingine pale mbele. Kama hela ya fundi ndo inamkwamisha na nyie mnayo, mlipieni.